Kabla ya Kufunga Kiwanja: Mazoezi ya Timu za Mtaani Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Mlipuko wa ugonjwa, kwa maana inayotumiwa na wataalamu wa afya ya jamii, ni hali ya wagonjwa kuongezeka mahali fulani na katika kipindi fulani kupita kiwango kilichozoeleka, na kwa magonjwa ambayo kwa kawaida hayapo kabisa mahali hapo, kama vile Marburg, hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara hutosha kuitwa mlipuko. Nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu zimepitia hali hiyo mara kwa mara katika miaka ya karibuni: Uganda ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan mnamo Septemba 2022, Tanzania ikatangaza Marburg mkoani Kagera mnamo Machi 2023 na tena Januari 2025, Rwanda ikakumbwa na Marburg mnamo Septemba 2024, huku aina mpya ya mpox, ugonjwa uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, ikisambaa kutoka mji wa machimbo wa Kamituga katika Kivu Kusini hadi Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania. Kipindupindu nacho hurudi mara kwa mara, hasa misimu ya mvua, katika mitaa ambayo haijapata maji safi na vyoo vya uhakika.

Kila tangazo la namna hiyo linapotolewa, viongozi wa timu za mitaani, vituo vya kulea vipaji na vikundi vya mazoezi hukabiliwa na njia mbili rahisi, yaani kufunga kiwanja mara moja, au kuendelea kana kwamba tangazo linawahusu watu wengine. Njia hizo mbili zinaonekana kupingana, lakini zina kasoro moja inayofanana, kwa kuwa zote haziulizi ugonjwa uliotangazwa hutoka vipi katika mwili wa mtu mmoja na kuingia katika mwili wa mwingine. Swali hilo ndilo linaloamua ni kitu gani kibadilishwe kiwanjani na kipi kiachwe kama kilivyo, na jibu lake hutofautiana kwa kila ugonjwa kiasi kwamba hatua inayookoa maisha katika mlipuko mmoja inaweza kuwa kazi bure katika mlipuko mwingine.

Mazoezi si mechi

Amri nyingi za wakati wa mlipuko huzijumuisha mechi na mazoezi katika neno moja la "michezo", ilhali hatari zake hazilingani. Mechi ya ndondo, yaani ya mashindano ya mitaani yasiyo sehemu ya ligi rasmi, huvuta watazamaji ambao hakuna anayewajua wote, wauza vyakula, waendesha bodaboda na timu ngeni kutoka kata nyingine, na baada ya filimbi ya mwisho watu hao hutawanyika bila kuacha kumbukumbu yoyote ya nani alisimama karibu na nani. Mazoezi, kwa upande wake, huwakusanya watu wale wale, ishirini au thelathini, mahali pale pale na saa ile ile, chini ya kocha ambaye aghalabu anajua kila mmoja anaishi wapi na anafanya kazi gani. Kundi la aina hiyo huwarahisishia kazi wafuatiliaji wa ugonjwa, ambao jukumu lao kubwa ni kuwatafuta waliotangamana na mgonjwa, yaani waliomgusa, waliokaa naye karibu au waliotumia naye vitu, ili hali zao ziangaliwe kabla hawajawaambukiza wengine.

Zaidi ya hayo, kiwanja kinapofungwa mchezo haufi bali huhama. Watoto na vijana waliozuiwa kufanya mazoezi chini ya kocha hucheza chandimu, yaani mpira usio rasmi, vichochoroni, wakichanganyika na yeyote anayepita, bila orodha ya majina, bila maji ya kunawa na bila mtu mzima wa kumwambia mwenye homa arudi nyumbani. Wakati huohuo, mwili ulioachishwa mazoezi hupoteza faida ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) linazihesabu kuwa za lazima, kwa kuwa linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa watu wazima, na wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto. Kwa sababu hizo, kufunga kiwanja ni hatua yenye gharama zake, na inafaa ichukuliwe pale tu ambapo faida yake inajulikana.

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba ukali wa hatua hutegemea jinsi mnyororo wa maambukizi unavyojulikana. Mwaka 2014, Ebola ilipoenea Guinea, Liberia na Sierra Leone hadi ikawashinda wafuatiliaji, Liberia na Sierra Leone zilisimamisha soka, Guinea ikalazimika kuchezea mechi zake za nyumbani Casablanca, na Moroko ilipoomba fainali za Mataifa ya Afrika za 2015 ziahirishwe, mashindano hayo yakahamishiwa Guinea ya Ikweta. Miaka kumi baadaye Rwanda ilithibitisha wagonjwa 66 wa Marburg, ambayo kirusi chake ni cha jamaa moja na kile cha Ebola, na 15 kati yao wakafariki. Hata hivyo, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya na mnyororo wao ulifuatiliwa, serikali ilibana mahali palipokuwa na hatari kwa kuzuia ziara za kuwaona wagonjwa hospitalini na kupunguza idadi ya waombolezaji mazishini, huku shughuli nyingine nyingi zikiendelea. Tarehe 15 Oktoba 2024, zaidi ya miezi miwili kabla mlipuko huo haujatangazwa kuisha, timu ya taifa ya Rwanda iliikaribisha Benin mjini Kigali katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kila ugonjwa na njia yake

Kipindupindu husababishwa na bakteria wanaotoka katika kinyesi cha mtu na kuingia kwa mwingine kupitia maji au chakula, na dalili zake hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5. Wengi wa walioambukizwa hawaugui kabisa, ingawa huendelea kutoa bakteria hao kinyesini kwa siku 1 hadi 10, jambo linalomaanisha kwamba kumwangalia mchezaji usoni hakutoshi kumjua aliye salama. Katika ugonjwa wa aina hiyo hatari haimo katika kukabana bali katika ndoo moja ya maji na kikombe kimoja kinachozungushwa timu nzima, katika barafu isiyojulikana ilikotoka, katika matunda yaliyokatwa kando ya kiwanja, na katika choo kisicho na sabuni. Timu inayopiga marufuku kukabana huku ikiendelea kuchota maji kwa kikombe hicho itakuwa imejichosha bila kujilinda, ilhali ile inayomtaka kila mchezaji aje na chupa yake yenye maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na ikaweka ndoo ya bomba na sabuni kwa ajili ya kunawa mikono, inaweza kucheza karibu kama kawaida.

Ushahidi wa uzito wa maji ya kiwanjani umo katika tukio la mwaka 1969 la timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, Marekani, ambapo watu 90 kati ya wachezaji na makocha 97 waliambukizwa homa ya ini ya aina ya A na timu ikakatisha msimu baada ya mechi mbili tu. Wachunguzi walibaini kwamba watoto wa jirani waliokuwa na ugonjwa huo walikuwa wakichezea maji kwenye mabomba ya kiwanja cha mazoezi, na siku moja wazima moto walipotumia maji mengi kuzima moto mjini, msukumo wa maji katika mabomba ulishuka na maji machafu yakavutwa ndani ya bomba ambalo wachezaji walilitumia kunywa. Mitaa ya Afrika Mashariki yenye mgao wa maji huishi na hatari hiyo hiyo kila msukumo unaposhuka na kupanda, hasa pale mabomba yaliyotoboka yanapopita karibu na mitaro, na kwa hiyo maji ya bomba la kiwanjani hayafai kunywewa moja kwa moja wakati wa mlipuko, hata yakionekana meupe.

Mpox hupita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vipele au vidonda, na kwa nguo, taulo na matandiko yaliyotumiwa na mgonjwa, naye huendelea kuambukiza mpaka magamba ya vidonda yaanguke na ngozi mpya iote, muda ambao kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4. Hapa mambo hugeuka, kwa kuwa sasa kukabana kwenyewe ndiko kwenye hatari, na mieleka, judo na ngumi ziko hatarini kuliko mbio au mpira wa wavu. Kocha wa soka anaweza kuendelea na mazoezi ya pasi, mashuti, mbio na mbinu za kujipanga bila kuruhusu miili igusane, lakini ni lazima aache desturi ya kugawa vizibao vile vile vilivyolowa jasho kwa kundi la pili, kwa sababu mavazi hayo hutoka ngozi hadi ngozi bila kufuliwa. Macho mekundu, ambayo Wizara ya Afya ya Tanzania iliyatolea tahadhari Januari 2024 yalipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine, nayo husafiri kwa mikono, taulo na vitu vinavyoshikwa na wengi, hivyo kusalimiana kwa mikono na kupangusana jasho kwa kitambaa kimoja ndivyo vitu vya kuachwa, na mwenye macho yanayotoa majimaji hubaki nyumbani mpaka yapone.

Magonjwa yanayosafiri kwa hewa, kama UVIKO-19 na mafua makali, yana kanuni nyingine, kwa kuwa mtu anayefanya mazoezi mazito huvuta na kutoa hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyetulia, na kelele na nyimbo huongeza matone madogo yanayotoka kinywani. Mjini Cheonan, Korea Kusini, mapema mwaka 2020, maambukizi 112 yalihusishwa na madarasa ya dansi ya mazoezi katika vituo 12, ambako watu 5 hadi 22 walifanya mazoezi mazito kwa dakika 50 katika chumba cha takribani mita za mraba 60; lakini mwalimu mmoja aliyekuwa ameambukizwa, ambaye alifundisha yoga na mazoezi ya taratibu kwa madarasa ya watu 7 hadi 8, hakumwambukiza mwanafunzi yeyote. Fundisho lake ni kwamba hewa iliyofungiwa, msongamano na ukali wa pumzi hufanya kazi kwa pamoja, na kuondoa hata kimoja hupunguza hatari. Jimu yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya kiyoyozi huhitaji kufunguliwa madirisha au kuhamia uwanjani, na kikundi cha mchakamchaka kinachokimbia bega kwa bega kikiimba huhitaji kujitawanya na kunyamaza kwa muda. Hata mabingwa walikubali gharama hiyo, kwani mwaka 2020 Eliud Kipchoge aliiacha kambi ya Kaptagat, iliyozoea kukimbia kwa makundi, akafanya mazoezi peke yake.

Ebola na Marburg huleta hofu kubwa kuliko magonjwa yote yaliyotajwa, na kwa haki, kwa kuwa katika mlipuko wa Kagera wa 2023 walifariki watu 6 kati ya wagonjwa 9, na katika ule wa wilaya ya Biharamulo wa 2025 walifariki wote 10 waliothibitishwa au kudhaniwa kuwa nao. Hata hivyo, virusi hivyo hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na mtu haambukizi kabla ya kuanza kuonyesha dalili, ambazo hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Usalama wa mazoezi katika eneo lenye mlipuko huo hutegemea zaidi kumtambua mapema mwenye homa, aliyemuuguza mgonjwa au aliyeshiriki kuosha maiti, ili asifike kiwanjani kabisa. Ugumu upo katika dalili za mwanzo, kwa kuwa homa, kichwa kuuma na maumivu ya misuli hufanana na malaria, na mchezaji aliyekimbia jana hudhani kirahisi kwamba misuli inauma kwa sababu ya mazoezi. Kuchuliwa misuli kwa mikono mitupu, desturi iliyoenea katika timu za mitaani, ni jambo la kusitishwa, na anayemhudumia mchezaji anayetoka damu anapaswa kuvaa glavu.

Hofu ya kupoteza namba

Kanuni zote zilizotajwa huanguka mahali pamoja, napo ni kwa mchezaji anayeficha kuwa anaumwa. Katika timu ya mtaani kukosa mazoezi mara mbili huweza kumfanya mchezaji apoteze namba, yaani nafasi yake katika kikosi cha kwanza, na kwa kijana anayetazamiwa na wasaka vipaji au anayepewa nauli kidogo kila anapohudhuria, hasara hiyo ni nzito kuliko homa ya siku moja. Makocha wengi wamejenga nidhamu ya timu juu ya kanuni ya kwamba asiyefanya mazoezi hachezi, kanuni nzuri siku za kawaida, lakini wakati wa mlipuko humlipa anayekuja mgonjwa na kumwadhibu anayebaki nyumbani. Mchezaji huyo humeza dawa ya kutuliza maumivu, homa ikashuka kwa saa chache, na hata kipima joto kilichowekwa langoni kikampitisha.

Tiba ya tatizo hilo haiuzwi dukani, kwa kuwa ni tamko la kocha, lililotolewa mbele ya timu nzima na kutekelezwa bila upendeleo, kwamba mchezaji aliyetoa taarifa ya ugonjwa atalindiwa nafasi yake mpaka atakaporudi, wakati aliyeficha atasimamishwa. Tamko hilo huhitaji kuwafikia wazazi pia, hasa katika timu za watoto na za netiboli za wasichana, ambako mzazi ndiye anayeamua mtoto aende au abaki, na ambako maswali kuhusu vipele au kuharisha yanapaswa kuulizwa faraghani na mtu wa jinsia ile ile. Kumkagua mtoto ngozi mbele ya wenzake humfundisha kuficha, na kesho yake hatasema.

Nguzo ya pili ni daftari la mahudhurio, linaloandika tarehe, majina, namba za simu za wachezaji au za wazazi wao, na makundi waliyofanyia mazoezi. Daftari hilo linafaa kutunzwa kwa angalau siku 21, ambazo ndizo mwisho wa kipindi cha kuatamia, yaani muda ambao kijidudu kimo mwilini bila dalili, kwa Ebola, Marburg na mpox. Timu ikigawanywa katika makundi madogo yasiyobadilishana watu, tuseme ya wachezaji wanane, ugonjwa wa mmoja utawaweka chini ya uangalizi wachache badala ya kikosi kizima. Mwenye dalili za kutiliwa shaka hapelekwi kwa pikipiki ya kocha, bali hutengwa kivulini mbali na wenzake, na taarifa hutolewa kwa mhudumu wa afya wa mtaa, kwa mtendaji au chifu, au kwa simu ya bure ya wizara ya afya, ambayo ni 199 kwa Tanzania na 719 kwa Kenya.

Kurudi kwa aliyepona na kurudi kwa timu

Mchezaji aliyepona huhitaji ulinzi wa aina mbili, wa mwili wake na wa heshima yake. Aliyetoka katika kipindupindu amepoteza maji na chumvi muhimu, ikiwemo potasiamu inayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, na kumrudisha kwenye mbio za jua kali mapema ni kumweka hatarini, kama vile aliyeugua UVIKO-19 anavyoweza kubaki na uvimbe katika msuli wa moyo usioonekana kwa macho. Mazoezi ya aliyepona huanza kwa kutembea na mbio nyepesi, yakaongezwa siku hadi siku maadamu hakuna maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, na mojawapo ya dalili hizo ikijitokeza yeye hurudi kwa daktari.

Kuhusu heshima, manusura wa Ebola waliokwisha ruhusiwa na hospitali hawaambukizi kwa kusalimiana, kukaa pamoja wala kucheza mpira, lakini katika jamii nyingi walikwepwa hata hivyo. Mjini Kenema, Sierra Leone, baada ya mlipuko wa 2014, manusura walianzisha klabu yao ya soka, na hatua hiyo ilisaidia kuwaonyesha majirani kwamba mwili uliopona unaweza kukimbia, kugongana na kupeana mikono bila madhara. Kocha anayempokea mchezaji aliyepona mbele ya wenzake huifanya kazi hiyo hiyo, na wakati huohuo huwahakikishia wengine kwamba kusema ukweli hakuwafukuzi katika timu.

Kwa timu nzima, muda wa kulegeza masharti hauamuliwi kwa makadirio. Mlipuko wa Ebola au wa Marburg hutangazwa kuisha baada ya siku 42, ambazo ni mara mbili ya siku 21, kuhesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho apimwe na kukutwa hana tena kirusi au tangu azikwe, bila mgonjwa mpya kujitokeza. Timu inayorudisha mechi za kirafiki na timu za mbali kabla ya muda huo huvuruga hesabu hiyo ya wafuatiliaji.

Wakati kufunga ni sahihi

Yote haya hayampi kocha mamlaka ya kupingana na serikali. Amri ya afya ya jamii inapotolewa, kama ile ya Uganda ya Oktoba 2022 iliyozifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa zuio la usafiri na amri ya kutotoka nje kati ya saa 1 usiku na saa 12 asubuhi, au ile ya Tanzania ya tarehe 17 Machi 2020 iliyosimamisha michezo hadi ilipofunguliwa tena Juni 1, timu hutii. Hata pasipo amri, kiwanja hufungwa pale mmoja wa wachezaji anapothibitishwa kuwa mgonjwa wa homa ya kutokwa damu, pale wagonjwa wa mtaa wanapojitokeza bila kujulikana walikoambukizwa, au pale ambapo kipindupindu kipo na timu haina sabuni wala maji salama, kwa kuwa bila masharti hayo ya chini hakuna njia ya kuwalinda wachezaji.

Baina ya hali hizo na siku za kawaida kuna eneo pana ambamo timu nyingi za mitaani hujikuta, na humo ndimo uamuzi wa kocha unapokuwa na uzito. Kwa kuwa tangazo la mlipuko huja bila kutoa muda wa kujipanga, mambo ya msingi hayana budi kuwekwa kabla yake: daftari la mahudhurio linaloandikwa kila siku, chupa ya maji ya kila mchezaji, ndoo ya kunawia yenye bomba na sabuni, na kanuni iliyotangazwa kwamba mgonjwa hapotezi namba. Timu yenye vitu hivyo itakapopokea tangazo lijalo itakuwa na swali moja tu la kumwuliza mhudumu wa afya, yaani ugonjwa huu unapita njia gani, na jibu lake litaonyesha ni kipi cha kubadilisha katika mazoezi ya jioni hiyo.